Salamu Ndefu za Mwalimu Nedialka

Miti ya lipa, ile yenye maua madogo yanayonukia kama asali, inapochanua Stara Zagora, mji wetu wa Bulgaria, watu wote husinzia. Harufu yake huingia dirishani kama mtu wa nyumbani, bila hodi, ikakaa kwenye mapazia, kwenye nepi zilizoanikwa, kwenye nywele za mtoto. Mwaka ule Yasena wangu alikuwa na miezi kumi, nami usingizi ulikuwa umenijaa machoni kiasi kwamba hata leo sina hakika ni yapi niliyoyaona nikiwa macho na yapi niliyoyaota nikinyonyesha. Lakini haya ninayoyasimulia niliyaona. Nina karatasi yake mfukoni.

Nilirudi kazini mwezi wa tatu. Kila asubuhi nilishuka ngazi na mtoto mkononi, nikamkabidhi mama mkwe wangu, Mwalimu Nedialka, anayekaa ghorofa iliyo chini yetu, kisha nikaenda ofisini kwa mzee Gerasim. Kazi hiyo niliipata baada ya miaka miwili ya masomo ya jioni kwenye nyumba ya kusomea ya mtaa wetu. Tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, tukitunza Gugutka. Kwa lugha yetu gugutka ni tetere, yule njiwa mwenye kidani cheusi shingoni, na ndilo jina alilolipa programu yake ya kutumiana ujumbe alipoiunda miaka ishirini na mitatu iliyopita. Vijana walishaihama zamani. Walibaki wazee, kwaya mbili, zahanati mbili za vijijini, na ukoo wa mume wangu Luben, maana mama mkwe alikataa katakata kuhama. Mumewe, marehemu Stamen, alimwandikia humo kila siku akiwa kazini kituo cha reli.

Mama alifundisha lugha miaka thelathini na minane. Sisi wengine tumezoea kuandika Kibulgaria kwa herufi za kigeni, tukiweka tarakimu 4 mahali pa herufi hii na 6 mahali pa ile, kwa kuwa kompyuta za zamani hazikuwa na herufi zetu. Zilipokuja, uvivu ulikuwa umeshatuzoea. Yeye hakukubali kamwe. Wanawe wakimwandikia hivyo, aliwarudishia ujumbe umesahihishwa. Na kila alichoandika, hata kama ni kusema maziwa yamekwisha, kilitanguliwa na salamu. Gugutka ina kisanduku cha salamu juu ya ujumbe. Sisi tulikiacha kitupu, yeye alikijaza.

"Mpendwa mkwe wangu Biliana na mjukuu wangu wa thamani Yasena." Ndivyo alivyoniandikia ofisini, ingawa huyo mjukuu alikuwa mapajani mwake akitafuna kijiko.

Mikia, ndivyo nilivyoyaita maneno ya ziada mwishoni mwa ujumbe wake, ilianza mwezi huohuo wa tatu. Ujumbe ungesema, Yasena amekula uji wote, kisha maneno mengine yangefuata, yasiyo na kichwa. *Maharage nimeloweka, Neda, usichelewe.* Siku nyingine: *treni ya saa kumi imekwama, nisubiri dirishani.* Nilisoma nikiwa na usingizi, nikaona kama mtu anazungumza chumba cha pili. Neda ni mama, na aliyemwita Neda alikuwa mmoja tu, na yule alikuwa kaburini mwaka wa sita.

Wifi yangu Radostina naye alipata ya kwake. Yeye ni muuguzi, mkubwa kwa Luben kwa miaka sita, na husema jambo likiwa bado la moto. Alimwambia Luben kwamba mama anaongea na marehemu baba, tena kwa maandishi, na kwamba ameshawaona wagonjwa wakianza hivyohivyo. Mume wangu akiogopa hutafuta kitu cha kurekebisha; wiki ile alirekebisha bomba ambalo halikuwa likivuja.

Kisha ikaja Jumanne ile. Nilikuwa ofisini, simu ikalia sauti ya tetere. Salamu, kama kawaida. Leo jua ni zuri, tumekaa barazani. Halafu: *mtoto yuko bustanini, mimi nimechelewa, mchukue wewe.*

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka harufu ya lipa na miguu yangu ikikimbia kama ya mtu mwingine. Nilipita bustani ya mjini, nikatazama kila benchi, kila kigari cha mtoto, nikapanda nyumbani nikihema. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Yasena alikuwa amelala kifuani pake, mdomo wazi, ngumi imeshika kola ya bibi yake.

Mama aliniuliza kwa sauti ya chini nani amekufa. Nilimwonyesha simu yangu. Alisoma, akavaa miwani, akasoma tena, kisha akachukua simu yake. Kwake ujumbe uliishia barazani. Hakukuwa na bustani.

Jioni Radostina alikuja, akazitazama simu zote mbili, akasema ni wazi, mama ameandika kisha akafuta. Alikuwa amezungumza na daktari wa kumbukumbu: Ijumaa ya wiki ijayo, siku moja baada ya sikukuu ya herufi zetu za Kibulgaria. Na mpaka hapo, mtoto asiachwe naye peke yake.

"Wifi, wewe ni mama," aliniambia. "Mimi nampenda kuliko wewe unavyompenda, ni mama yangu. Lakini ungemwacha mtoto na mtu asiyejua alichoandika asubuhi?"

Nilitazama mikono ya mama. Alikuwa akikunja nepi, na zote zilikuwa zimekunjwa tayari.

"Labda niliandika kweli," akasema. "Mtu akifuta, kisha akasahau kwamba amefuta, atajuaje?"

Hilo ndilo lililoniuma. Mtu aliyekuwa na hakika ya kila koma alikuwa ameanza kujitilia shaka. Kesho yake asubuhi nilimsikia ghorofa ya chini akitaja herufi zetu zote thelathini, moja baada ya nyingine, halafu akirudia kutoka mwisho. Nilichukua ruhusa ya nusu siku kukaa na mtoto. Nilikuwa nimemwibia kitu, nami nilijua.

Tulikubaliana kwamba atakaa na Yasena asubuhi tu, jirani akiwapo, na ataniandikia kila saa. Aliandika. Lakini sasa aliandika kama mtu anayelipia kila neno. Hakuweka salamu. *Mzima.* Saa moja baadaye: *Amelala.* Ujumbe ulikuja msafi, bila mkia. Radostina aliposikia alisema ndivyo ugonjwa ule ulivyo, una siku zake nzuri.

Mimi nilizikosa salamu zake. Nisiseme uongo, sikuwa nikichunguza lolote. Nilikuwa mama mwenye maziwa yanayovuja kwenye blauzi, nikitamani kuitwa mpendwa. Nikamwandikia: mama, nisalimie kama zamani. Dakika mbili baadaye tetere akalia. Mpendwa mkwe wangu Biliana na mjukuu wangu wa thamani Yasena. Amekunywa maji. *Neda, funguo nimeacha kwa fundi viatu.*

Salamu ilirudi, na mkia ukarudi nayo. Fundi viatu wa mtaa wetu alifunga duka kabla sijaolewa.

Niliomba kuona jinsi Gugutka inavyopokea salamu. Mzee Gerasim alifungua maandishi yake ya zamani ya programu, mistari aliyoiandika akiwa bado na nywele, na tukakaa kuyasoma huku kahawa ikipoa. Kumbukumbu ya mashine, alivyonifundisha, ni rafu ndefu ya nafasi ndogondogo, na mashine haioni rafu. Inaamini hesabu iliyopewa. Kisanduku cha salamu kilitengewa nafasi sitini na nne. Programu ilihesabu herufi, ikaona hamsini za salamu ya mama hazijafika sitini na nne, ikaziruhusu ziingie. Lakini herufi zetu, tangu kompyuta zianze kutumia mfumo mpya wa herufi, kila moja hukaa nafasi mbili, za kigeni nafasi moja. Ni kama mama mwenye mimba: mlangoni anahesabiwa mmoja, ndani wanakaa wawili.

Nikahesabu kwa kidole. "Mpendwa mkwe wangu Biliana" iliingia vizuri. Ilikuwa ikiingia vizuri tangu niolewe. Aliyeijaza ikafurika ni Yasena. Jina la mwanangu liliangukia nafasi ya jirani, pale palipoandikwa ujumbe una urefu gani, likaiharibu ile namba. Basi mashine ilidhani ujumbe ni mrefu, ikaendelea kusoma mbele, ikapeleka chochote ilichokikuta. Na ilichokikuta ni mabaki: kila alfajiri hupakia barua za zamani za kila nyumba kuzipanga, kisha huziachia bila kufuta. Barua za nyumba moja zimelala jirani. Simu ya mama ilikuwa imetuma maneno safi. Mkia ulishonwa njiani.

Gerasim alivua miwani. Alisema mfumo mpya wa herufi ulipokuja alipanua kila mahali, mwili wa ujumbe, majina, tarehe. "Salamu niliisahau. Nani anaandika salamu siku hizi?"

"Mama mkwe wangu," nikamwambia.

Hakucheka. Aliona haraka kuliko mimi hatari iliyokuwamo: mtu mwenye nia mbaya angeandika salamu ndefu kwa makusudi, akavua mabaki ya watu, barua za zahanati zikiwemo. Alisema angeizima Gugutka kesho saa sita mchana, aizibe, asiiwashe mpaka ahakikishe. Nikamwomba kitu kimoja: aitafute sentensi ile ya bustani. Aliipata. Akaninakilia tarehe tu kwenye kipande cha karatasi, kwa kuwa barua za watu, alisema, si mali ya fundi.

Kesho yake ilikuwa tarehe ishirini na nne mwezi wa tano, sikukuu ya herufi. Wanafunzi wa zamani walikuwa wameshampitia mama tangu asubuhi. Sebule ilijaa maua, vyombo vikawa haba hata mengine yalikaa kwenye ndoo. Radostina alifika na banitsa ya moto, ile pai yetu ya jibini, imefunikwa taulo. Ilikuwa saa tano na robo. Nikasema nina jambo, nikamwomba wifi atoe simu yake.

"Fundi wa masomo ya jioni anataka kunipima na mimi?" akauliza.

"Ndiyo, wifi. Mwandikie mdogo wako. Salamu kamili, kwa herufi zetu, na jina la mtoto liwemo."

Aliandika huku akinung'unika, mama akimsahihisha koma kutoka upande wa pili wa meza. Mpendwa mdogo wangu Luben na binti yako mzuri Yasena. Chini akaweka neno moja: Jaribio. Tetere akalia kwenye mfuko wa Luben.

Luben alisoma kwa sauti. "Jaribio. *Chukua mwavuli mweusi, Neda, wa bluu ameondoka nao Radostina, unajua huyu haambiliki.*"

Hakuna aliyegusa chakula. Radostina alichukua simu ya mdogo wake, akailinganisha na yake. Kwake palikuwa na neno moja. Akakaa chini polepole, mkono juu ya taulo la banitsa, na nikaona midomo yake ikirudia neno "bluu".

Niliwaeleza kuhusu rafu, na mama mwenye mimba mlangoni, na kwamba saa sita Gerasim ataizima Gugutka aizibe. Mama alinisikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi anayejibu vizuri ambaye hataki kumkatiza. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo walioandika ovyo walikuwa salama, na mimi niliyeandika sawa ndiye nikaonekana nimechanganyikiwa." Akacheka mpaka akafuta macho kwa kona ya kitambaa cha meza.

"Na bustani?" akauliza Luben. "Ni mtoto gani aliyekuwa bustanini?"

Nilikuwa na karatasi mfukoni, lakini mama alitangulia. Sisi chekechea tunaiita bustani tu, na hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria hilo.

"Wewe," alimwambia. "Mwezi wa kumi na moja, theluji ya kwanza. Baba yako alikwama kituoni, akaniandikia shuleni. Nilikukuta umekalia begi lako getini, viatu umevaa kulia kushoto. Ukaniambia umehesabu magari mpaka kumi na moja, baada ya hapo hujui." Akafikiri kidogo. "Ilikuwa tarehe kumi na tisa."

Nikaiweka karatasi mezani. Kumi na tisa, mwezi wa kumi na moja, miaka ishirini na mitatu nyuma. Radostina aliisoma, akainuka, akatoka barazani, akasimama huko kati ya matawi ya lipa, ametugeuzia mgongo. Tulimsikia akipiga simu kwa daktari na kufuta miadi. Aliporudi hakuomba msamaha kwa maneno. Alimtoa Yasena kwenye kiti chake kirefu, akamfuta shavu, akamkalisha mapajani mwa bibi yake.

Ilibaki robo saa kufika saa sita. Mama aliuliza, akiwa anamtazama mtoto, si mimi, "Akishaziba, Stamen hatakuja tena?"

"Hatakuja, mama. Barua zako zipo, Gerasim atakupa zote ukitaka. Ila hazitakuja zenyewe."

Nje tetere wa kweli alikuwa akilia juu ya waya, sauti zilezile tatu, kana kwamba anauliza mtu yuko wapi. "Basi azibe," akasema. "Kuna mke mwingine mahali ambaye barua zake zinasomwa na watu."

Jumatatu nilishuka ngazi na mtoto, nikamkabidhi, nikaenda kazini bila kugeuka nyuma. Gugutka ilikuwa imewaka tena tangu alfajiri. Saa nne simu ikalia. Salamu ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuniandikia: Mpendwa mkwe wangu Biliana, mama wa mjukuu wangu wa thamani Yasena, mke wa mwanangu Luben, wifi wa binti yangu Radostina, na wewe Stamen ulipo. Iliingia yote, hakuna herufi iliyoanguka.

Chini yake palikuwa na neno moja. Amelala.

Nilisubiri kidogo, kwa mazoea. Hakikuja kingine.