Kurasa Mbili na Nusu

Mwalimu wa lugha aliipa insha ile sifuri kwa sababu ilikuwa nzuri mno. Mada ilikuwa faida na hasara za mto unaopita mjini. Wanafunzi wengine walianza kwa kueleza mto ni nini. Msichana mmoja alianza hivi: "Mto haujui faida wala hasara. Wanaojua ni waliojenga kando yake."

"Hii imeandikwa na programu ya mtandaoni," mwalimu alimwambia. "Haina neno la ziada hata moja. Mtoto wa shule haandiki hivi."

"Nimeiandika kwa kompyuta ya mjomba, mwalimu. Haina mtandao."

"Kompyuta gani isiyo na mtandao? Jumamosi nakuja kuiona. Nisiporidhika, sifuri yako inabaki, na darasa la fasihi mwakani utalisikia kwa wenzako."

Msichana alilitaka darasa hilo kuliko kitu kingine chochote. Jumamosi aliifuta vumbi kompyuta mara tatu.

Ilikuwa kibodi tupu, nene kama mkate, iliyounganishwa kwa waya na televisheni ya sebuleni. Programu ya kuandikia ilikaa kwenye kaseti. Mjomba, fundi wa televisheni, aliinunua akiwa kijana, na dada yake, mama wa msichana, alimwomba kila mwaka aitupe. Kila mwaka alijibiwa kwamba bado inafanya kazi. Jibu lilikuwa la kweli, na hilo ndilo lililomuudhi.

Mwalimu alipoketi, mjomba alibonyeza kitufe cha kaseti. Sebule ikajaa mlio wa paka aliyekanyagwa mkia.

"Imeharibika?" mwalimu aliuliza.

"Inasoma, mwalimu. Kwani darasani kwako hawasomi kwa sauti?"

Mlio ulikoma, kioo kikawa tayari. Mwalimu alisogeza kiti, akaandika kwa kidole kimoja: *Andika insha kuhusu mto.* Alama ndogo ikawa inawaka na kuzimika mwisho wa sentensi yake. Wote wakaitazama.

"Inafikiri," mwalimu alisema.

"Inafikiri tangu kabla sijaoa," mjomba alijibu.

Mwalimu alisubiri kidogo zaidi, kwa haki. "Sawa, haijui kitu. Lakini nani alimfundisha huyu kuandika kwa ufupi?"

Msichana aliangalia vidole vyake. "Kumbukumbu ya kompyuta hii inabeba kurasa mbili na nusu tu, mwalimu. Ikijaa, inagoma. Mara ya kwanza niliandika kama ulivyotufundisha, ikagoma kabla sijafika mtoni."

"Ukafanyaje?"

"Nikatoa utangulizi."

"Utangulizi wangu?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mama alikuwa anaingia na chai. Aligeuka na sinia lake, akarudi jikoni mabega yakimtikisika.

"Basi," mwalimu alisema baada ya kukohoa, "nitamwandikia mkuu wa shule alama ibadilishwe. Wiki ijayo, nikipata nafasi."

"Wiki ijayo ya nini?" mjomba alisema. "Kiti umeshakikalia, na printa ile pale."

Mwalimu hakuwa na sababu ya kukataa, akaanza. Alimsalimu mkuu wa shule na familia yake. Alieleza umuhimu wa elimu, kisha wajibu wa mwalimu, kisha changamoto za teknolojia. Chai iliingia, ikapoa. Alipokuwa akikaribia insha yenyewe, kompyuta ilitoa mlio mfupi, na kila herufi aliyobonyeza baada ya hapo haikutokea.

"Imegoma," alisema.

"Bado hujanitaja, mwalimu," msichana alisema polepole.

"Nilikuwa nakuja kwako!"

"Hata yeye alikuwa anakwenda mtoni," mjomba alisema.

Kitufe cha kufuta kilikula herufi moja moja, kutoka mwisho kurudi nyuma. Mwalimu alikishikilia. Changamoto za teknolojia zilikwenda, ukafuata wajibu wa mwalimu. Kwenye umuhimu wa elimu alisimama, akausoma tena, akaangalia kama kuna anayemwangalia. Wote walikuwa wakimwangalia. Akaendelea kufuta.

"Salamu niziache?"

"Za mkuu wa shule ziache," msichana alisema. "Za familia utampa kwa mdomo."

Printa ilikwaruza mistari michache ikanyamaza. Mwalimu alichana kingo za karatasi zenye vitobo, akaikunja, akaitia mfukoni. Mlangoni aligeuka.

"Darasa la fasihi lina uandishi wa hotuba," alimwambia msichana. "Huko utahitaji utangulizi."

"Nitakuja kwako, mwalimu."

Jumatatu mkuu wa shule aliisoma barua akiwa amesimama: *Insha ni ya mwanafunzi mwenyewe. Nilikosea. Naomba arudishiwe alama zake.* Aliigeuza karatasi kutafuta mengine, maana alimfahamu mwandishi kwa miaka mingi. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Akatia saini, akamuuliza mwalimu kama anaumwa.