Bakuli la Mpole

Mimi ni dobi, na nilipomwajiri mpwa wangu Mpole, mtaa mzima ulinijia juu. Ana ulemavu wa akili, tena katoka jela. Wezi walimbebesha televisheni. Polisi walipouliza nani kaibeba, akanyoosha mkono. Wenzake walishatimua mbio.

Jirani yangu wa saluni ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. "Unafuga nyoka," akaniambia, kisha akaleta koti lake, mfukoni kaacha hereni ya dhahabu makusudi. Mtego huo. Kwangu sheria ni moja: kabla ya kufua, toa kila kitu mfukoni, weka kwenye bakuli, mrudishie mwenyewe. Mpole huishika sheria hiyo kama sala.

Jioni jirani akaja, wateja wamejaa. Mpole akaleta bakuli na kutaja kila kitu kwa sauti. "Hereni yako, mama. Ganda la peremende. Na jino lako la bandia, nimelisuuza."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Jirani akaziba mdomo kwa kiganja.

"Huyu hajui hata kuficha kitu?" akaniuliza.

"Angejua kuficha, dada, asingefungwa."