Orodha Isiyojua Ndugu

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wegesa alilisikia la mkuu neno kwa neno, na guu likavunjika vilevile.

Mkuu mwenyewe ni baba yake mkubwa, mzee Waisiko wa Nyambureti, aliyechoshwa na ndugu kugombania nani azungumze kwanza kwenye sherehe ya ukoo.

"Si unasomea kompyuta? Ipange orodha kwa mashine. Mashine haijui ndugu. Na mtu asiione kabla ya siku yenyewe."

Wegesa, aliyekuwa akijifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, akaweka majina thelathini ya wazungumzaji kwenye faili. Akaandika fanksheni, yaani kipande cha maagizo kwa mashine, ya kulisoma faili hilo, kuyapanga majina kwa alfabeti na kuyaandika kwenye faili jipya. Ikafanya kazi mara ya kwanza. Akachapa, akafunga kwenye bahasha.

Siku ya sherehe, wa kwanza kuitwa akawa Amondi, mkamwana aliyeolewa juzi tu. Akasimama kuzungumza mbele ya wazee. Mzee Waisiko akangoja, fimbo mkononi. Ilipofika herufi yake, wageni walikuwa wameshakula na kuaga. Waliobaki kumsikiliza ni mbwa.

"Umenidhalilisha," alimwambia Wegesa. "Omba msamaha mbele ya ukoo, la sivyo laptopu niliyokununulia inarudi kwangu."

"Baba mkubwa, ulitaka mashine isiyojua ndugu. Haikukujua. Hata mimi ilinipanga nyuma yako."

"Nimesema omba msamaha!"

Wegesa akaizima laptopu, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Chukua, Baba mkubwa. Msamaha siombi."