Kichwa cha Bango

Dada yangu ni msusi, na mimi ndiye ninayeosha vichwa na kufagia nywele katika saluni yake. Tangazo letu kubwa ni binti yake. Kila mtindo mpya dada huujaribu kwanza kwenye kichwa cha mtoto, Jumapili kutwa, na Jumatatu mtoto anapita nao mtaani kwenda shule. Wateja ndio waliompachika jina la Bango. Tukacheka, jina likamkaa.

Shule nayo ilikuwa na sheria yake: nywele fupi, au mistari ya kawaida bila rasta. Tulionywa, tukaonywa tena. Dada aliwajibu palepale getini, wazazi wenzake wakisikia: "Sare nimenunua, viatu nimenunua. Kichwa nimekizaa mwenyewe!" Nilimpigia makofi. Shule gani inamwamulia mtu mwanawe?

Basi Jumanne mchana Bango akaingia saluni na kipara.

Kitana kilinidondoka. Zile rasta za rangi mbili zilizotutoa jasho juzi, hakuna hata moja. Masikio yalikuwa yamejitokeza kama ya mtoto mchanga. Wallahi, kwa mara ya kwanza nilimtazama nikadhani ni mtoto wa watu. Dada hakuuliza neno. Alimkamata mkono, akatoka na aproni yake, akamwacha mteja kasukwa nusu kichwa, nusu nywele zimesimama. Nami nikawakimbilia kwa nyuma. Nilijua leo hapatoshi.

Ofisini tulimkuta mwalimu mkuu pamoja na mwalimu wa nidhamu, yule ambaye wanafunzi humwita Mama Rula. Dada hakusubiri kiti, akamvaa Mama Rula.

"Wewe mwanamke una roho gani? Unamnyoa mtoto wa mwenzio kama kondoo!"

"Mama, tulia kwanza, ukae," mwalimu mkuu akasema.

"Sikai! Kutoka hapa nakwenda polisi. Na hizo rasta anazoringia huyu mwalimu wako nimemsuka mimi! Kwake ni urembo, kwa mwanangu ni kosa?"

Mama Rula alinyamaza. Hilo lilinishangaza, maana mdomo wake naujua, hauna breki. Alikuwa akimtazama Bango tu, kama anayeomba ruhusa.

"Mama, mwache mwalimu," Bango akasema. "Nimekata mwenyewe."

Dada akamgeukia.

"Umesemaje?"

"Nilichukua mkasi darasani, nikajikata chooni. Mwalimu akanikuta nalia, akanipeleka kwa kinyozi akanisawazishia. Nikamwomba asikwambie."

"Ujikate mwenyewe? Kwa nini, mwanangu?"

"Kichwa kinauma, mama. Kila Jumapili nakwambia."

Nilitamani kumwambia aache uongo, lakini Jumapili zote nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbana kichwa katikati ya magoti ili asitikisike. Akilia tulimwambia, "Vumilia, Bango, utapendeza," kisha naongeza sauti ya redio.

Nikasogea. Kichwa hicho, kwa hasira zetu, hakuna aliyekuwa amekitazama vizuri. Kuanzia kwenye paji la uso hadi nyuma ya masikio kulikuwa na vipele, vingine vimekauka, vingine bado vibichi. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na kiraka laini ambapo nywele hazikuwa zimenyolewa. Zilikuwa zimeng'oka zenyewe. Mwalimu mkuu naye akageuka akatazama dirishani.

"Tangu lini?" dada akauliza.

Akanyoosha mkono taratibu ampapase mwanawe kichwani.

Bango akajikunyata, akakifunika kichwa kwa mikono yote miwili.