Redio Juu ya Dungu

Ngusa alipokwenda Kapalamsenga kuvua dagaa, aliacha nyumbani vitu viwili: mpunga ulioanza kutoa masuke, na redio ya betri nne. Akamwambia mkewe, Nyanzala, kwamba atatuma kadi kwenye kipindi cha salamu cha redio. Asikilize kila Jumamosi saa tisa, humo ndimo atakamotaja lini anarudi. Kuhusu mpunga hakusema mengi. Chakula chao cha mwaka kilikuwa ni huo tu.

Basi Nyanzala akawa anapanda dunguni, kile kichanja cha kulindia ndege shambani, na redio kila asubuhi, mtoto Suzana mgongoni. Kutoka pale juu zilitambaa kamba zenye makopo. Ukivuta moja, bonde zima linapiga kelele na ndege wanaruka. Akajiambia sauti ya mtu redioni nayo itawatisha. Siku mbili iliwatisha kweli. Akaiacha iseme tangu asubuhi hadi jioni: nyimbo, hotuba, mpira, na ule mchezo wa kuigiza ambao lazima ajue kama yule bwana ameachwa au hajaachwa. Mkono ukasahau kamba.

Hana, jirani yake wa shamba la pili, ndiye aliyemwita kwenye kona ya mashariki. Alikuwa ameshika suke. Nyanzala akalishika na yeye. Lilikuwa jepesi kama unyoya. Kona nzima ilikuwa makapi, na ndege walikuwa wametulia palepale kama wageni waliokaribishwa.

"Mama Suzana, ndege wako wamekuzidi akili," Hana akasema. "Taarifa ya habari ikianza, wanajua mwenye shamba hayupo."

"Nipo, dada."

"Upo wapi?"

Nyanzala alitaka kucheka, ikashindikana. Redio ina kosa gani? Aliachiwa kwa ajili ya nusu saa kwa wiki, yeye akaipa siku zote saba. Akakumbuka jana yake Suzana alivyomvuta sikio ili amtazame, naye akamwambia nyamaza kwanza. Hilo lilimuuma kuliko mpunga.

Siku ileile akatoa betri, akaziweka juu ya jiwe, pale watu wanapozianika zikichoka. Zake hazikuwa zimechoka. Zitarudi ndani Jumamosi saa tisa, akaamua, na kipindi kikiisha zitoke. Siku za kwanza ukimya ulimwelemea. Baadaye akaanza kusikia mbawa kabla macho hayajaona kitu. Akawa anamwimbia Suzana huku akivuta kamba, wimbo na makopo vikaenda pamoja.

Jumamosi ya tatu, betri zikiwa ndani na salamu zikikaribia kuanza, kundi la ndege likatokea upande wa mto kama moshi. Nyanzala akatazama redio, akatazama masuke yaliyoinama. Akaibeba mbio hadi mpakani, ambako Hana, aliyekwishavuna, alikuwa akipepeta.

"Nisikilizie, dada."

Akarudi kwenye kamba, akavuta hadi viganja vikawaka moto.

Jua likiwa limeshuka, Hana akaja na redio, betri amezifunga kwenye pindo la kanga. Akasimama chini ya dungu, akasafisha koo kama mtangazaji.

"Ngusa, aliyeko Kapalamsenga, anamsalimu mke wake Nyanzala na binti yake Suzana. Anasema mwezi ukiandama atakuja kuvuna."

Nyanzala akatazama bonde. Ukiacha ile kona, kulikuwa na cha kuvuna.

"Rudia, dada."

"Redio huwa hairudii."

"Wewe si redio."

Hana akarudia.