Bingwa wa Chumba cha Pasi

Katika chumba cha kupiga pasi kiwandani nilikuwa na sifa moja: tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni siendi chooni. Wanawake kumi na wanane tulikuwa na kibao kimoja cha ruhusa ya chooni, kimetundikwa nyuma ya msimamizi, na aliyekichukua alirudi akakuta mashati yamemlundikia hadi kidevuni. Dawa yangu ilikuwa rahisi: sinywi maji. Wenzangu wakaniita Ngamia, nami nikalipokea jina hilo kama cheti.

Vyeti navipenda. Jioni nasoma masomo ya afya, darasa la watu wazima, mwanangu kalala mapajani. Kwenye mtihani tuliulizwa ni mtu gani yuko hatarini kupata presha. Nilijaza kurasa mbili: aliyezaliwa na uzito mdogo, kwa mama aliyefanya kazi nzito mpaka uchungu ukamkuta hukohuko, aliyekulia kwenye dhiki, anayesimama kwenye joto kutwa, asiye na kauli hata juu ya pumziko lake. Nikapata tisa kati ya kumi. Nilimhurumia sana mtu huyo, popote alipo.

Wiki iliyofuata muuguzi alikuja kiwandani kutupima presha. Nilijipanga wa kwanza, nikiwaeleza wenzangu maana ya zile namba mbili.

"Mia sitini na mbili kwa mia na nne," akasema.

"Mashine yako mbovu, dada."

Akaniacha nitulie, akapima tena, akahamia mkono wa pili. Mashine ilikuwa na msimamo kuliko mimi.

"Ulizaliwa na kilo ngapi?"

"Mbili kasoro. Mama alishikwa na uchungu amebeba matofali..." Kumbe kurasa zote mbili nilikuwa nimejiandika mwenyewe!

"Una mtoto?"

"Mmoja. Ana miaka miwili."

"Huyo anakuhitaji uzeeke."

Akanipa dawa, tarehe ya kurudi kliniki, na barua ya kumpelekea msimamizi: anywe maji, akae, aondolewe kwenye mvuke. Balaa ni kwamba msimamizi ni shangazi yangu, na ndiye aliyeniombea kazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Hapa mimi ni msimamizi. Marahaba." Akasoma barua. "Nikikukalisha wewe, kesho wote watakuwa na presha."

"Watano wanayo tayari. Wamepimwa leo."

"Na watu je? Watasema nampendelea mtoto wa kaka yangu."

Hapo ndipo siku zote mimi husema samahani. Miguu yangu, kwa mazoea, ilishaanza kugeuka. Lakini nikamfikiria mwanangu akisukwa nywele na mtu mwingine, akivutwa kichwa, hakuna wa kumpuliza panapouma.

"Waseme, shangazi. Nikianguka hapa, wewe ndiye utakayempelekea baba habari."

Akawatazama wenzangu wakifuta jasho kwa mikono ya nguo.

"Kesho nenda kwenye vifungo, kule wanakaa. Na hawa watapumzika kwa zamu, saa nne na saa nane, wanywe maji. Usinishukuru, nitabadili mawazo."

Sikumshukuru. Kwa vifungo mimi ni mbumbumbu: siku ya kwanza nilishona kifungo, shati na mkono wa gauni langu, vyote pamoja. Nikainuka na shati linaning'inia, chumba kizima kikavunjika mbavu. Nikaketi tena, nikanywa maji, nikaanza kufumua.