Mawe ya Oom Sarel

Saa moja asubuhi Oom Sarel alikuwa amekwisha vaa suruali yake ya mpira iliyomfika kifuani, fimbo ya kuvulia mkononi, anapiga miguu chini kama farasi aliyecheleweshwa malishoni. Umande ulikuwa umeganda kwenye majani yote ya ukingo wa mto Vaal, mweupe kama chumvi iliyomwagika. Keneuwe, aliyekuwa akiongoza wavuvi pale kambini, alimsogezea kiti karibu na moto.

"Kaa kwanza, Oom," alisema, akimwita mjomba kama Makaburu wanavyowaita wazee wao.

"Nikae? Nimeendesha gari kwa saa tatu nzima nije kukaa?"

"Maji bado baridi mno. Samaki hawana haja na chakula saa hizi."

"Binti, mimi nimeuvua mto huu miaka arobaini."

"Nimesikia, Oom. Kahawa hiyo hapo."

Mzee aliketi kwa shingo upande. Kutoka mlango wa jikoni, Puseletso mpishi, mama mdogo wake Keneuwe, alichungulia akiwa na sinia la maandazi.

"Keneuwe, mwache mzee wa watu aingie majini. Akitoka meno yanagongana atakusikiliza mwenyewe."

Oom Sarel alijidai hakusikia, lakini maandazi alichukua mawili.

Keneuwe hakuwa na wasiwasi, ingawa siku hiyo ilikuwa yake ya kupata au kukosa. Kila mwaka mwezi wa sita ukiingia, Hardus, mwenye kambi, alifunga shughuli za uvuvi na kumrudisha Keneuwe chumba cha kufulia mpaka Septemba. Wote pale waliamini kwamba samaki wa manjano baridi ikiingia hufunga kinywa. Mwaka huu Keneuwe alimwambia usoni kwamba wanakula. Hardus alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Haya. Oom Sarel anakuja Jumamosi; huja kila baridi hata nikifunga, hasikii la mtu. Ukimpatia samaki mmoja kabla ya jua kuzama, kazi ya kuongoza wavuvi miezi ya baridi ni yako. Ukikosa, unarudi kwenye mashuka moja kwa moja, na Septemba nampa mtu wa Johannesburg nafasi yako."

"Nimekubali," alisema Keneuwe, Hardus hata hajafunga mdomo.

Hakukubali kwa kubahatisha. Kamba za kuanikia mashuka zilikuwa kwenye mteremko, juu ya bwawa refu la mto. Baridi mbili nzima alikuwa akianika huku akitazama chini. Maji ya Julai hupungua na kuwa safi kama kioo. Kila jua lilipofika kwenye kina, kwenye saa tano hivi, aliona mimweko ya dhahabu chini kule: samaki wanajilaza ubavu kukwangua chakula kwenye changarawe. Upepo wa alasiri ukianza, mimweko inakwisha. Alijua inapoanza na inapokoma. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Saa nne na nusu aliinuka. "Twende sasa, Oom."

Walipofika kwenye mkondo wa kasi, mzee alianza kuteremka. Keneuwe alipita bila kupunguza mwendo.

"Wee binti, samaki wako hapa. Hapa nimewatoa mia."

"Wakati wa joto. Sasa wamehama. Nani analala mlangoni siku za baridi?"

Oom Sarel alinung'unika kwa Kikaburu mpaka wakafika bwawani. Keneuwe akatoa kwenye kikopo chambo alichokifunga mwenyewe kwenye ndoano, uzi wa kahawia na unyoya wa kanga, na ushanga mzito kichwani wa kukizamisha. Chote kilikuwa kidogo kama punje ya mchele.

"Hicho ni chambo au umepiga chafya?"

"Baridi ikiwa kali hawafungui mdomo sana, Oom. Tupa juu kule, uache kishuke na maji mpaka chini."

Mzee alitupa vizuri, hilo Keneuwe alimkubali. Mshipi ulishuka taratibu, ncha yake iliyopakwa rangi ya machungwa ikielea. Mara ncha ikasimama, kidogo tu, kama mtu aliyesahau alichokuwa akienda kukifanya.

"Inua."

Oom Sarel aliinua alipotaka yeye. Mshipi ukaja mtupu. "Jiwe," alisema.

Akatupa tena. Ncha ikasimama tena. "Inua, Oom." Akachelewa tena. "Jiwe jingine. Mto huu umejaa mawe."

Jua lilikuwa limepita utosini. Majani ya matete yalianza kutikisika, na Keneuwe akajua saa zilizobaki si nyingi. Aliingia majini hadi kiunoni, akasimama bega kwa bega na mzee.

"Oom, hapo hakuna jiwe. Mwezi wa tano nilipita hapo miguu mitupu. Ni changarawe tupu, hata kikombe kikianguka hakivunjiki."

"Nimevua miaka arobaini. Samaki huyu anavuta kama ng'ombe. Mimi sijahisi kitu."

"Wakati wa joto anavuta. Sasa anaweka chambo mdomoni, anakionja, anakitema. Ukingoja kuhisi, kesha kwenda zake. Inua nikisema."

"Yaani nivue kwa macho yako?"

"Ya kwako yanatazama mkono, Oom. Yangu yanatazama mshipi."

Nyuma yao gari la Hardus lilisimama ukingoni. Alileta chakula cha mchana, au alikuja kuona mwisho wa maneno. Mzee alimtazama, akamtazama Keneuwe, akatupa.

Ncha ilishuka, ikashuka, ikasita.

"Inua."

Safari hii mkono wake ulitii kabla kichwa hakijabisha. Fimbo ikapinda mpaka kishikio. Mshipi ukakata maji kuelekea ng'ambo. Walimfuata samaki hatua kwa hatua, Keneuwe akimshika mzee mkanda asiteleze, mpaka ubavu wa dhahabu ukageuka juu na wavu ukapita chini yake.

"Mnyanyue nipige picha," aliita Hardus.

"Hatoki majini," alisema Keneuwe. Alikwisha lowesha mikono na kuchomoa ndoano. "Upepo huu utamwumiza. Ukitaka picha, njoo."

Hardus alitazama viatu vyake vya ngozi, akashuka navyo. Alipiga picha maji yakiwa magotini, akivuta pumzi kwa meno. Samaki alitingisha mkia, akazama.

Oom Sarel aliendelea kutazama pale alipopotelea. "Sikuhisi kitu, Hardus," alisema hatimaye. "Hata kidogo. Yeye ndiye aliyeona. Miaka yote hiyo nilikuja hapa wakati wa baridi, nikarudi nyumbani kumwambia mke wangu mto una mawe." Alikohoa kidogo. "Ninabaki mpaka Jumatano."

Hardus alikuwa anatetemeka, lakini hakutoka majini. "Kuna watu wawili wa Bloemfontein walitaka kuja Agosti," alimwambia Keneuwe. "Niliwaambia hakuna uvuvi."

"Wapigie simu uwaambie uvuvi upo," alisema Keneuwe. "Na waambie tutaanza saa ninayosema mimi." Tayari alikuwa amemshika Oom Sarel kiwiko, anamsogeza hatua mbili kuelekea juu ya mto, kwa sababu upepo ulikuwa bado haujakaza na pale chini, karibu na mwamba, alikuwa ameona mmweko mwingine.